Funguo za Bwana Ochaya Ziko Kwangu

Jumanne, Arua. Kiangazi cha 1976. Alasiri.

Vumbi tangu asubuhi. Kilima cha Arua hakionekani vizuri, zile nyumba za wakubwa kule juu zimebaki vivuli tu, na kila nikimeza mate nahisi mchanga. Nimekaa uani na kawa niliyoianza wiki iliyopita, ya kufunikia sinia la bibi harusi, lakini mkono haushiki. Mstari mwekundu nimeufuma mara tatu na mara tatu nimeufumua. Basi nimeiweka chini, nimechukua daftari.

Kutoka hapa naliona ghorofa. Naliona paa lake bapa la saruji, na juu ya paa kuna weupe. Ni muhogo wa Adiru, mpangaji wangu. Ameuanika kutoka ukingo hadi ukingo, na hakuna mtu wa kumwambia autoe.

Bwana Ochaya, msimamizi wa jengo, hayupo. Leo ni siku ya tano.

Walikuja na gari saa nne asubuhi, watu wote wakiona. Alikuwa ngazini anapaka chokaa. Wakamwambia njoo kidogo, tutakurudisha. Akaweka brashi ndani ya debe, akajifuta mikono kwenye kaptula yake ya kaki, akaenda. Brashi bado imo kwenye debe. Chokaa imekauka, imeshikana nayo.

Ni mimi niliyemfikisha huko.

Nimeliandika, na mkono haukukatika. Sasa niandike na mengine, kwa mpangilio, ili siku nikilisoma daftari hili nisijidanganye kwamba nilikuwa mpatanishi tu.

Wahindi walipofukuzwa nchini miaka minne iliyopita, ghorofa lile liligawanywa vyumba vyumba kwa watu wenye jina. Marehemu mume wangu alikuwa sajini. Akapewa vyumba viwili vya juu na jiko, kwa barua yenye muhuri. Hakuvifaidi, homa ilimchukua kabla hajahamisha hata kitanda. Barua ikabaki kwangu. Mjini wananiita Mama Hawa mwenye ghorofa, na mimi huwa naliacha jina hilo linitangulie sokoni, sikatai.

Lakini sijalala kule hata usiku mmoja. Watu nimewaambia ngazi zinaniumiza magoti na kazi ya ukindu inataka ua. Uongo mtupu. Magoti yangu mazima. Ukweli ni kwamba jikoni kuna kibao kidogo ukutani, walikokuwa wakiwasha taa ya kumwomba Mungu wao, na juu yake ukuta una masizi. Siku ya kwanza nilipanda na sabuni na majivu kuyasugua. Nilipofika nusu nikaona haya, nikahisi mwenye jiko atafungua mlango sasa hivi anikute na kitambaa mkononi. Nikashuka. Nusu ya masizi ipo mpaka leo.

Ndipo nikampangisha Adiru.

Adiru ni mtu wa Aroi, anafua na kupiga pasi kule misheni ya Ombaci. Mwanamke mpole, mikono mikubwa, watoto watatu, mume alivuka kwenda Kongo kutafuta kazi na hajarudi. Anachokula yeye na watoto ni muhogo unaotoka shamba la mama mkwe wake. Anaumenya, anauloweka mpaka ulegee, kisha anauanika ukauke kabla ya kuutwanga. Bila unga ule hakuna enya, ule ugali wao, na bila enya kwa Adiru mtu hajala hata akila nini. Kwao Aroi huanika juu ya majabali. Hapa mjini majabali hakuna. Siku ya kwanza nilipompandisha kumwonyesha paa alilipiga kwa kisigino, akacheka.

"Mama Hawa, hii juu iko jiwe kabisa!"

Na mimi nikacheka naye. Sikujua tunacheka nini.

Bwana Ochaya hakucheka. Ochaya ni Mualuri, mrefu, kaptula imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata, funguo kiunoni zinalia kila anapopiga hatua. Alipokuwa kijana alikuwa kibarua wa jengo lile lile. Saruji ya paa aliikoroga yeye kwa koleo. Tajiri Mhindi akamweka kuwa mlinzi, baadaye akampa funguo zote. Tajiri alipoondoka, ofisi inayoshughulika na nyumba zilizoachwa ikamwacha hapo hapo, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua bomba gani linapita wapi. Aliandika kwa chaki ukutani: USITEME. USIKATE KUNI NGAZINI. Sisi wenye barua hakutuita kwa majina. Aliita vyumba. Adiru alikuwa Namba Nne. Mimi, kwa heshima, nilikuwa Mama wa Namba Nne.

Namwigiza vizuri sana. Sauti yake ya puani, kidole kimoja juu, funguo zikitikisika. Namwigiza kuliko mtu yeyote Arua.

Ningekuwa sijui, ingekuwa heri.

Ugomvi ulianza na harufu. Muhogo ulioloa unanuka, hilo halina ubishi, na wapangaji wengine walilalamika. Kisha maji yake yakaanza kutuama kwenye paa, na Ochaya akasema saruji ya zamani haitaki maji ya kusimama. Alimpiga marufuku Adiru. Adiru akapanda kwa siri alfajiri. Ochaya akamwaga beseni lake ngazini. Adiru akaja kwangu analia, Ochaya naye akaja kwangu amenuna, kila mmoja ananiambia mwambie mwenzako.

Nikasema nitaliweza. Nilipika kahawa ya tangawizi, nikawakalisha wote wawili ngazini, huyu juu, huyu chini, nikamwacha kila mmoja aseme mpaka achoke. Kisha nikatoa hukumu kama kadhi. Muhogo uchujwe maji huku chini uani kwanza. Uanikwe juu ya mikeka. Usikaribie mdomo wa bomba la kuteremshia maji ya mvua. Na ili vipande visiingie ndani ya bomba, nitafuma mimi mwenyewe kichujio cha ukindu cha kuufunika mdomo wake.

Walikubali. Ochaya hata alinishukuru. Nilirudi nyumbani nikijiona hodari, nikafuma kichujio kile jioni moja, kizuri, kimebana, ukindu mwembamba wa kazi za harusi. Nilikifuma nikijua kila atakayepanda atauliza kazi ya nani hii.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lilikuwa langu wala si la Adiru. Mimi maisha yangu yote nimefuma vitu vya kuzuia: nzi wasiingie, mvuke usitoke. Sikuwahi kufuma kitu cha kupitisha maji.

Mwezi uliopita, katikati ya kiangazi, mvua ikapotea njia ikaja Arua. Mvua ya saa moja tu. Adiru alikuwa Ombaci kazini. Maji yaliosha muhogo, uji mweupe ukateremka mpaka kwenye kichujio changu ukakiziba kabisa. Paa likawa bwawa. Maji yakatafuta ufa, yakaupata, na dari ya Namba Mbili ikavimba ikaanguka juu ya kitanda cha watu.

Kesho yake Ochaya alikuja hapa uani akiwa ameshika kichujio kwa vidole viwili. Alikiweka juu ya mkeka wangu, taratibu.

"Mama, hii kazi yako iko muzuri sana. Hata maji haipite."

Wanawake wawili waliokuja kununua kawa walikuwepo. Walicheka. Nakumbuka nani alianza.

Mtu anaweza kuniita mchoyo, nitamjibu. Anaweza kuniita mjane asiye na mtoto wa kiume, nimeshasikia hiyo. Lakini kazi ya mikono yangu, mbele ya wateja? Nilihisi masikio yanawaka. Sikumwomba radhi. Nilimwambia paa lake bovu, arekebishe paa.

Akaenda akafunga mlango wa paa kwa kufuli. Muhogo wote wa Adiru ukiwa huko huko juu.

Siku tatu. Adiru aligonga, akabembeleza, akapiga magoti. Ochaya alisema mpaka mwenye Namba Nne aje mwenyewe kukiri mbele ya Namba Mbili kwamba dari imeanguka kwa sababu yake. Mwenye Namba Nne ni mimi. Sikwenda. Nilijua kwamba ana haki, nilijua pia kwamba watoto watatu wanasubiri unga, na nikakaa hapa uani nafuma. Mlango ulipofunguliwa siku ya nne muhogo ulikuwa umeoza, una madoa meusi. Adiru aliubeba kwa beseni mpaka mlangoni kwangu, akautua miguuni pangu, akasimama tu. Hakunilaumu kwa neno hata moja. Ningependa angelaumu.

Hapo nikapanda ghorofani kwa hasira, na hasira ile nusu yake ilikuwa aibu. Nilimkuta ngazini. Nilipiga kelele mpaka milango ikafunguka. Nilimwambia nina barua yenye muhuri. Nilimwambia yeye ni mtumishi wa jengo na mimi ni mwenye nyumba, na mtumishi hafungi mlango wa mwenye nyumba.

Hakupandisha sauti. Ilikuwa afadhali angepandisha.

"Mama Hawa," akasema, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunitaja jina, "mwenye nyumba iko mbali. Mimi na wewe tunalinda tu. Siku moja wenyewe watarudi, na mimi nitawapa funguo."

Mtu mmoja akafunga mlango wake polepole. Siku hizi hayo si maneno ya kusema, hata chumbani kwako na mlango umeufunga. Ochaya mwenyewe nadhani aliyasikia yakimtoka, kwa sababu alishika funguo zake zisilie.

Nilishuka mbio. Nilijiambia nakimbia matusi.

Ijumaa ya wiki ile nilikwenda Koboko kwenye harusi ya binti wa dada yangu. Nyumba imejaa, udi unafuka, wanawake wamevaa vizuri, kisra, ile mikate myembamba ya mtama, inaandaliwa, kila mtu anataka habari za Arua. Nikaanza kuwasimulia. Kwanza muhogo. Kisha kisigino cha Adiru. Kisha nikasimama katikati ya mkeka, nikainua kidole, nikabana pua, nikatikisa bangili zangu badala ya funguo, nikawa Ochaya. Walicheka mpaka wakalia. Shangazi yangu mzee aliniomba nirudie.

Nikarudia. Na safari hii nikafika mpaka mwisho, mpaka kwenye wenyewe watarudi, kwa sauti yake ile ile.

Wanawake walicheka bado. Lakini mlangoni alikuwa amesimama mdogo wangu Marajani, aliyekuja kuchukua chai ya wanaume. Marajani nilimbeba mgongoni. Siku hizi ana gari la serikali na miwani ya jua, na hakuna anayemuuliza kazi yake hasa ni ipi. Hakucheka. Alingoja kelele zipungue.

"Dada, huyo mutu jina yake yote nani?"

Nilijua. Sitaandika hapa kwamba sikujua. Kulikuwa na nukta moja, muda wa kuvuta pumzi, nilipoweza kusema ah, ni mzee tu, mlevi, hana akili. Katika nukta ile nilikiona kichujio changu juu ya mkeka na wale wanawake wawili wakicheka. Nikasema jina lake lote. Nikaongeza na jengo, na saa anazopatikana.

Nilitaka atishwe kidogo. Ndivyo nilivyojiambia njia nzima ya kurudi: kidogo tu, ili akinyanyua tena kidole akumbuke Mama Hawa ana ndugu. Lakini Marajani mimi sikumpa kipimo. Sikumwambia mpaka hapa, usipite hapa. Nilimpa jina nikarudi kucheza ngoma.

Ilipita wiki moja hivi. Kisha gari likaja.

Leo asubuhi mke wa Ochaya alikuja. Nilipomwona anaingia uani nilidhani ameambiwa, nikasimama nikiwa tayari kupigwa. Hakunipiga. Alikaa chini kwenye vumbi, si kwenye mkeka, akanishika mguu. Amekwenda kituo cha polisi, hayupo. Amekwenda kambini, wakamfukuza getini. Amekwenda ile ofisi ya nyumba, wakamwambia kwanza arudishe funguo. Hakuzirudisha. Anasema mumewe akija asipozikuta atakasirika.

"Wewe iko na ndugu Koboko, mukubwa," akasema. "Enda umuulize, mama. Mimi sina mutu mwingine. Ye alisemaga wewe iko mukali, lakini roho yako iko safi."

Ochaya alisema hivyo. Juu yangu. Mwanamke yule hana sababu ya kunidanganya.

Kisha akafungua kitambaa akatoa funguo, zote, pete nzima. Akaniwekea mapajani. Anaogopa wakija kumpekua watazichukua, na kwangu, nyumba ya sajini, hawataingia. Zilikuwa na joto la mwili wake. Nilizipokea. Nilimwambia nitauliza. Nilimpa uji akanywa, nikamsindikiza mpaka barabarani, na muda wote huo ulimi wangu ulikuwa ndani ya kinywa changu, na haukusema.

Nilipogeuka, Adiru alikuwa mlangoni na kibuyu cha unga. Mweupe, umechekechwa vizuri, wa kwanza tangu paa liwe wazi. Ameniletea fungu langu. Akapiga goti kunipa, kama wanavyofanya kwao, akasema kwa sauti ya chini, akiangalia pembeni:

"Asante, mama. Watu wanasema wewe ndio ulinisaidia."

Watu wanasema. Kumbe wanajua. Ngazi nzima inajua, sokoni wanajua, ila mke wake tu hajui, au anajua na amekuja kunishika mguu hivyo hivyo kwa sababu hana kwingine. Sijui lipi baya zaidi. Nilimwangalia Adiru nikaona haniogopi tena kwa heshima kama zamani. Ananiogopa kwa namna nyingine. Ameniletea unga ule kama mtu anavyopeleka kitu kambini ili asisumbuliwe.

Unga upo jikoni. Sijaugusa. Nimeshindwa kuula, na nimeshindwa kuumwaga, kwa sababu mwanamke yule ameutwanga kwa mikono yake na watoto wake hawashibi.

Adhuhuri, baada ya kusali, nilichukua zile funguo nikapanda ghorofa. Kila hatua zilikuwa zinalia kiunoni mwangu, na milango ikawa inajifunga mbele yangu, mmoja mmoja, kabla sijaifikia. Walidhani nini? Sijui. Nilifika paani. Muhogo umetandazwa mpaka kwenye mdomo wa bomba, bila mkeka, bila kitu. Uji mkavu umeganda kwenye ufa. Mvua nyingine moja tu na Namba Tatu nao wataangukiwa na dari. Nikaona jinsi Ochaya alivyokuwa akilishikilia paa lile kila siku, kwa ukali wake na chaki yake na marufuku zake, na sisi tunaona anatuonea.

Nilimwita Adiru, tukautoa pamoja, beseni kwa beseni. Nimemwambia auanike hapa uani kwangu. Ukindu wangu nitausogeza. Hakuuliza kwa nini sikumwambia hivyo tangu mwanzo. Uani kwangu kuna nafasi ya kuanika muhogo wa watu watatu. Sikuwahi kulifikiria hilo kwa sababu sikutaka harufu.

Nikafagia mdomo wa bomba. Nikafunga mlango wa paa kwa kufuli lake.

Kabla ya kushuka niliingia Namba Nne, jikoni. Nikasimama mbele ya kibao kile na nusu ya masizi. Na hapo nikaelewa nitakalofanya.

Nikienda kwa Marajani kuuliza tu, ataniambia dada, mambo haya si ya wanawake, kunywa chai. Nikiomba msamaha kwa niaba ya Ochaya, nitakuwa nimethibitisha kwamba alisema. Kuna njia moja tu. Nitamwambia Ochaya hakusema. Nitamwambia nilikuwa nachekesha watu, na katika kuchekesha mtu huongeza chumvi. Alichosema Ochaya ni muhogo na maji na dari, basi, na yale ya mwisho niliyatunga mimi. Maneno yale ni yangu.

Ataniangalia kwa miwani yake. Ataniuliza, dada, kwa hiyo wewe ndiye uliyesema? Huenda ataniokoa kwa sababu nilimbeba mgongoni. Huenda hatakuwa peke yake chumbani. Huenda pia nimechelewa, siku tano ni nyingi, watu wengine hawajawahi kufikisha mbili. Hilo la mwisho nimekataa kulifikiria mpaka nifike.

Nimeamua. Kesho naenda Koboko kwa lori la kwanza la asubuhi. Funguo nakwenda nazo. Unga wa Adiru nimeufunga kwenye kitambaa. Nitaupitisha kwa mke wa Ochaya nikielekea kwenye lori, na nitamwambia nimefanya nini, nikiwa nimesimama, kabla hajanishukuru. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko Koboko. Daftari hili litalala ndani ya fungu la ukindu ambao haujatiwa rangi, na binti yangu Hawa akija kutoka kwa mumewe atajua mahali pa kutafuta.

Sasa hivi, kabla ya kuandika ukurasa huu wa mwisho, nilijaribu kuyasema maneno yale kwa sauti, hapa uani, peke yangu, ili yasinikwame mbele ya mdogo wangu. Mara ya kwanza ilitoka sauti ya Ochaya, ya puani, na kidole changu kikainuka chenyewe. Nikakishusha. Nikameza vumbi. Nikajaribu tena, polepole, kwa sauti yangu.

Wenyewe watarudi.

Yalitoka bila shida. Nilidhani nakwenda kusema uongo ili nimwokoe mtu, lakini hayakuwa na ladha ya uongo. Ndilo neno nililokuwa nalo moyoni siku ile jikoni, na kitambaa mkononi, masizi yakiwa nusu. Ndilo lililonishusha ngazi. Miaka yote hii nimekuwa nikiliamini na kulinyamazia, na mzee wa watu akalisema mara moja tu, kwa unyenyekevu, nikampeleka nalo kwa ndugu yangu.

Kwa hiyo kesho sitadanganya. Nitakwenda kuyachukua maneno yaliyo yangu.